Barua ya wazi kwa Mkuu wa JKT: Hilo swali la "mmeelewa?" linatuangusha

Jambo afande.

Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari huku Morogoro na nilipita mujibu wa sheria, yaani yale mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya form six, kambi sitaitaja. Naandika kuhusu vipindi vya darasani tu. Kwata iko vizuri, ukakamavu nauona kabisa kwa madogo wanaorudi mtaani baada ya miezi yao mitatu, ila yale masomo ya kukaa chini na kusikiliza, afande, mengi yanapotea, na hayapotei kwa sababu vijana ni wazembe.

Yanapotelea kwenye swali la mwisho. Mkufunzi anamaliza kuongea, anauliza "mmeelewa?", bwalo zima linaitika "ndiyo afande!", na sauti ikiwa ndogo anauliza tena mpaka iwe kubwa. Sasa kuruta gani atanyoosha mkono aseme mimi sijaelewa, wakati anajua kombania nzima inaweza kurushwa kichura kwa ajili yake? Hayupo. Mkufunzi anaondoka akijua kafundisha, kuruta anaondoka na daftari limejaa maneno, na hakuna kati yao anayejua kilichoingia kichwani.

Chukua ramani, maana hapo ndo napajua. Ramani ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500 ardhini. Namba nne za gridi, ile mistari ya miraba iliyochorwa juu ya ramani, zinakupa mraba wa kilomita moja kwa moja, namba sita zinakushusha mpaka mita 100. Unasoma kwanza kwenda mashariki, ndo unapanda kaskazini. Kosa ninalolikuta kila mwaka kwa wanafunzi wangu ni kugeuza huo mpangilio, yaani 2814 (28 mashariki, 14 kaskazini) mtu anaisoma 1428, na kwa kosa hilo tu umempeleka mwenzako karibu kilomita 20 kutoka alipotakiwa kuwa. Kwa mwanafunzi ni maksi mbili zimekwenda, kwa askari aliyeomba msaada wa majeruhi ni kitu kingine kabisa. Na kosa hili hulisikii kwenye "ndiyo afande", utaliona tu ukimpa kila mmoja ramani na namba ukamwambia weka kidole. Sisi ramani ilikuwa moja, imetundikwa mbele, tuliokaa nyuma tuliona rangi ya kijani basi.

Lakini kulikuwa na koplo mmoja, huyo namuombea heri mpaka leo. Jioni alichora gridi kubwa mchangani kwa fimbo, jiwe ndo kilima, kamba ya manila ndo mto, akawa anaita mmoja mmoja, "kuruta, kasimame 2814." Aliyekosea alijiona mwenyewe amesimama mtoni, hakuna aliyepigiwa kelele, anarekebishwa, anapewa namba nyingine, anakwenda tena. Kesho yake akatuuliza upya bila kufundisha chochote. Watu tuliopigwa darasa refu bwaloni bila kuambulia kitu tulielewa pale mchangani.

Na si bahati yake tu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na waliojipima kwa kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, baada ya wiki moja waliojipima ndo walikumbuka zaidi. Ndo maana mkufunzi akipima palepale tu anadanganyika, kila mtu anaonekana kashika.

Halafu kuna muda. Mchakamchaka tangu alfajiri, fatiki (kazi za mikono kambini), ugali maharage, alafu saa nane mchana chini ya bati ndo tunafundishwa huduma ya kwanza, mtu akisinzia anasimamishwa nyuma. Mwili uliokosa usingizi haushiki somo hata ukisimamishwa, na somo lenyewe la kuzuia damu ni la kufanya kwa mikono, mfunge mwenzako bandeji tuone kama inakaza, si la kuandika hatua kwenye daftari.

Najua wapo watakaosema jeshi si mahali pa mijadala. Utii wa amri hakuna anayeugusa afande. Jeshi la Marekani tangu miaka ya 1970 lina utaratibu wa kukaa chini kila baada ya zoezi, na askari wa chini kabisa anaruhusiwa kusema wapi walikosea, amri zao hazijalegea.

Ninachoomba wakufunzi waelekezwe wasifunge kipindi kwa kuuliza kama tumeelewa, waite mtu mmoja mmoja aonyeshe, na waulize tena baada ya siku mbili tatu. Ramani angalau moja kwa kuruta wanne. Masomo ya kichwa yahamie asubuhi. Na anayesema sijaelewa asiadhibiwe, wala wenzake.

Likizo ya Juni niko tayari kuja kambi yoyote mtakayonipangia kusaidia somo la ramani, kwa nauli yangu, na ramani za mazoezi ninazo.

Mwalimu wa jiografia, Morogoro