Kwa nini hatupigi chuma chako kwa mchanga wa korongo

Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma karibu hainyeshi kabisa, na upepo hauna simile. Fundi akipiga sandiblasti (kusafisha chuma kwa kukirushia mchanga kwa nguvu ya hewa ya kompresa) nje kipindi hicho, vumbi haliishii uwanjani kwake. Linaingia kwa mama lishe ng'ambo ya barabara, linatua kwenye nguo zilizoanikwa na ndani ya ndoo za maji za majirani. Kwa sababu hiyo karakana yetu ya Kizota haipigi mchanga nje, na kwa sababu hiyo hiyo bei yetu kwa mita ya mraba iko juu kuliko ya wanaokufuata saiti na kompresa na lori la mchanga. Wewe unayelipa una haki ya kujua hiyo tofauti inakwenda wapi.

Mchanga wa makorongo yetu una madini mengi ya kwatzi, na kwatzi ni silika. Ukitoka kwenye nozo, yaani mdomo wa bomba la kurushia, kwa presha ya kama bar 7 na kugonga chuma, punje inapasuka vipande vidogo sana, vingine havionekani kwa macho. Hivyo visivyoonekana ndivyo vinavyofika ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, ambao pia unamrahisishia njia kifua kikuu. Kujifunga kitambaa puani hakusaidii. Uingereza ilikataza mchanga kwenye kazi ya kusafisha vyuma kwa kanuni za 1949, na mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hii kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kabisa kusababisha saratani kwa binadamu. Inatuuma kuona kijana wa miaka ishirini bado anaifanya kazi hii na miwani tu usoni.

Halafu mchanga unatumika mara moja na kutupwa. Mita moja ya mraba ya chuma chenye kutu inaweza kula kilo 30 hadi 50. Chukua tela yenye mita za mraba 60 za kusafishwa: ni tani mbili au tatu za mchanga uliochanganyika na kutu na rangi, na zote zinabaki chini. Mchanga huo umechimbwa korongoni, katika mkoa ambao mmomonyoko wake ulikuwa mkubwa kiasi cha Serikali kuanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 kuokoa ardhi ya Kondoa. Hatuoni sababu ya kuendelea kuchimba kwa kazi ambayo ina njia nyingine.

Sisi tunatumia chenga na gololi ndogo za chuma, ndani ya chumba kilichofungwa. Zikishagonga zinaanguka sakafuni, zinakusanywa, zinapandishwa juu na kupita kwenye kichambuzi: vumbi linavutwa kwenye vichujio, chenga nzima inarudi kazini. Chenga za chuma zikitunzwa vizuri zinazunguka zaidi ya mara 100. Fundi wetu huchota kiganja kimoja na kukipitisha kwenye chekeche ili ajue hali yake. Chenga mpya ina pembe na inakwaruza ngozi. Iliyozunguka sana inakuwa mviringo na laini kama ulezi, na hapo tunaongeza mpya kidogo kidogo badala ya kumwaga zote. Adui wake ni unyevu, na hapa Dodoma hewa kavu inatusaidia sana. Mvua zikianza Desemba tunakuwa waangalifu zaidi, hasa na maji yanayojikusanya kwenye hewa ya kompresa.

Kuna jambo wateja hawaliulizi kabisa, nalo ni nozo. Nozo ya milimita 10 ikilika hadi 12, tundu lake limeongezeka eneo kwa asilimia 44, na hewa inayohitajika inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Kompresa inahangaika, dizeli inaungua, presha inashuka, kazi inachelewa. Kupima ni rahisi: unaingiza biti ya drili ya saizi unayoijua ndani ya tundu. Nozo iliyolika tunaitoa hata kama bado "inapiga". Kwa bamba, mabomba na vyuma vya pembe hatutumii hewa kabisa; mashine yenye gurudumu la mapezi inarusha gololi yenyewe, na umeme unaotumika ni mdogo zaidi.

Kelele za nozo zinapita desibeli 100, kwa hiyo milango inafungwa na usiku hatupigi.

Rangi ya zamani ndiyo inayotunyima usingizi. Vyuma vya miaka mingi mara nyingi vina praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) nyekundu au rangi ya njano yenye madini ya risasi. Risasi haiozi. Ikimwagika inakaa kwenye udongo wa juu, mahali watoto wanapochezea, na inaharibu ubongo unaokua. Kwa hiyo tunakwangua kidogo na kupima kabla ya kuanza. Ikionekana, vumbi lake linaingia kwenye mapipa yenye vifuniko na kuchukuliwa na msafirishaji mwenye kibali cha kubeba taka za namna hiyo. Haliendi dampo la Chidaya pamoja na taka za majumbani. Gharama hiyo tunaiandika kwenye ankara mstari wake peke yake, na nakala ya hati ya kukabidhi taka unapewa.

Kazi zisizohamishika, kama matenki ya kiwanda cha alizeti au maghala ya chuma kule Kibaigwa, tunazifuata na kuzizungushia turubai, kisha tunatumia ganeti, punje za madini magumu, na kuizoa yote. Wapo wanaopendekeza kuchanganya maji ili vumbi lipungue. Ni kweli linapungua, lakini unabaki na tope la kukusanya na chuma kinachoanza kutu upya kabla ya praima, tena katika mji wenye mgao wa maji. Tunafanya hivyo pale tu ambapo hakuna namna nyingine.

Kama geti lako lina kutu ya juujuu, brashi ya waya na msasa vinatosha. Hatutakuuzia kazi usiyoihitaji.

Ukileta chesisi, itolewe grisi kwanza. Grisi ikiingia kwenye chenga inazunguka nazo na kupakwa kwenye chuma cha mteja anayefuata, na hapo tunalazimika kutupa mzigo mzima. Usiioshee mtaroni, tuna sehemu ya kuoshea yenye mtego wa mafuta. Tenki lililobeba petroli au dizeli lije tupu, limeoshwa, na tutalipima gesi getini kabla halijaingia ndani.