Maoni ya ardhi yarudishwe kwa walioyatoa

Mhariri,

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Toleo la 2023. Sera ikibadilika, sheria nazo hufuata, na zinazosubiri zamu ni zile mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5. Kabla hazijaguswa, nina ombi moja kwa Wizara ya Ardhi. Wananchi wakishatoa maoni, warudishiwe majibu. Waelezwe kwa maandishi, tena kwa Kiswahili, hoja ipi imekubaliwa, ipi imekataliwa na kwa nini.

Kusikiliza tunajua. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka Bara ikafanya mikutano ya hadhara 277, iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000. Wakulima walieleza jinsi Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilivyowahamisha, mashamba yao wakagawiwa wengine. Wafugaji walieleza jinsi malisho yao yalivyomegwa kuwa mashamba makubwa ya serikali. Kutokana na ushahidi huo, Tume ilipendekeza jambo zito: ardhi isiendelee kuwa chini ya Rais kama mdhamini. Ya vijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, na iliyobaki isimamiwe na chombo kitakachowajibika kwa Bunge.

Pendekezo hilo halikupita. Sera ya 1995 ilibakiza ardhi yote chini ya Rais kwa niaba ya umma. Serikali ilihofia kwamba ikiondolewa usimamizi, kila mradi wa maendeleo utailazimu kwenda kuomba ardhi. Ni hoja, na inajadilika. Kinachoniuma ni kwamba haikurudishwa kule mikutanoni ijadiliwe. Ripoti yenyewe ilichapishwa mwaka 1994 kwa Kiingereza. Mkulima aliyesimama juani akaeleza kwa Kiswahili jinsi shamba la babake lilivyochukuliwa, hakuwa na namna ya kujua maneno yake yaliishia wapi.

Isitoshe, mwaka uleule wa 1992 Tume ilipokabidhi ripoti, Bunge lilipitisha Sheria Na. 22 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni. Baba na mwanawe wa kijiji cha Kambi ya Simba, wilaya ya Mbulu wakati huo, walikuwa wameshinda kesi ya kurudishiwa shamba lao, na sheria hiyo ikataka kuwapokonya ushindi wao. Walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Walichokipata kwa kupanda ngazi za mahakama, wananchi walikuwa wamekwisha kukisema mbele ya Tume.

Sheria za 1999 zilikuja na mema mengi, lakini ziliacha ufa ambao mpaka leo unatutia hofu sisi wa vijijini. Sheria Na. 4 ilipofafanua ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya vijiji wala ya hifadhi, ilijumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5 haikusema hivyo. Sasa nani anaamua kwamba ardhi haitumiki? Hapa Kilosa, ukipita kiangazi utaona mbuga tupu. Ukirudi mvua zikinyesha, utakuta ng'ombe. Shamba lililopumzishwa lina mwenyewe, na kilima tunachookota kuni kina kazi hata kama hakina nyumba. Wilaya hii imezika watu kwa sababu ya ugomvi wa wakulima na wafugaji, kwa hiyo tunajua neno moja kwenye sheria linaweza kuzaa nini. Watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi wana uwezo wa kupima matumizi hayo ya msimu, na kazi hiyo ifanyike kabla ya muswada kuandikwa.

Rasimu ikirudi kwa watu, inanyooka. Kabla ya 1999 makundi ya wanawake yaliupata muswada, yakaujadili na kuubana. Leo Sheria Na. 5 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake. Hata kijijini nimeliona hilo. Ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, mama mmoja aliweka kidole penye rangi ya malisho akasema, "Hapa ndipo tunapochota maji." Wataalamu walishuka naye bondeni, na ramani ikarekebishwa kabla mkutano haujaipitisha. Bila ramani ile kubandikwa pale, kosa hilo lingepigwa muhuri.

Mabenki nayo yalipolalamikia vipengele vya rehani, Sheria ya Ardhi ilirekebishwa mwaka 2004, ilhali ilikuwa imeanza kutumika Mei 2001 tu. Mkulima naye anastahili kujibiwa kwa wepesi huohuo.

Wizara isiseme hakuna fedha za kuzunguka tena nchi nzima. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, kila miezi mitatu. Rasimu ya muswada kwa Kiswahili itumwe kwa watendaji wa vijiji, ibandikwe wiki kadhaa kabla ya mkutano, isomwe kifungu kwa kifungu, na muhtasari upelekwe wilayani. Kisha majibu yarudi kijijini kwa njia hiyohiyo, kabla muswada haujafika bungeni.

Msomaji wako,
Kilosa, Morogoro