Kolędy zinaisha tarehe 2 Februari

Rehema mpenzi,

Hujambo dada, na nyumbani hawajambo? Mama Jeni mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya Kraków, huku Poland, haina huruma. Kimya changu kimezidi, najua, na leo nimekuja na shida.

Jana padre alipita kubariki nyumba yetu. Huku hupita mlango kwa mlango baada ya Noeli. Mwenye nyumba alitandika kitambaa cheupe, akaweka msalaba, mishumaa miwili na maji ya baraka. Juu ya mlango wakaandika kwa chaki herufi K, M na B pamoja na mwaka. Ziara hiyo yenyewe inaitwa kolęda, na nyimbo za Noeli nazo ni kolędy!

Mwenzangu wa chumbani, yule wa Lviv, Ukraine, akasema kwao ni koliada: watu wanazunguka na nyota kubwa wakiimba, wanapewa vitu vitamu na hela. Akatuimbia palepale mezani. Padre alishachukua koti lake, lakini hakutoka mpaka wimbo ulipokwisha. Kwa Wacheki ni koleda. Kwa Wabulgaria, Koleda ndiyo Noeli yenyewe, sikukuu nzima!

Yote yametoka kwenye Kilatini, kalendae, siku ya kwanza ya mwezi kwa Warumi wa kale. Ile ya Januari waliipokea kwa sherehe na zawadi. Waslavi, yaani mababu wa mataifa haya yote, wakalichukua neno tangu zamani sana, likaingia kwenye Noeli likabaki humo. Hata hiyo kalenda uliyotundika jikoni ni ndugu yake. Tangu jana silali kwa kulifikiria, Rehema, jinsi mataifa yote haya yanavyoimba chini ya jina moja.

Sasa wananidai na mimi wimbo wa kwetu, na nataka uimbwe vizuri, sauti zote nne. Kolędy huku huimbwa mpaka tarehe 2 Februari, basi. Baada ya hapo ni mwakani.

Daftari la nota za kwaya liko kwa nani siku hizi? Unaweza kupiga picha kurasa za Noeli ukanitumia kwa simu? Shukuru bado anaimba besi, au nimwandikie yeye mwenyewe? Na ile ya ngoma, mwalimu aliwahi kuiandika? Na mdogo wako, alipata chuo?

Nasubiri.

Wako,
Anna