Wanaovuta tela kwenda Kusini wahesabu maji kabla ya kilomita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie jambo ambalo naulizwa karibu kila wiki na majirani na wafanyakazi wenzangu wa zamani, yaani namna ya kupanga safari ya familia kwa gari linalovuta tela la kulalia, kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kwa kufuata pwani ya Kusini. Wote huanza na swali moja: ni kilomita ngapi, na zitachukua siku ngapi? Jibu la swali hilo ni jepesi. Ni takriban kilomita 560 za lami, na mtu mwenye haraka huzimaliza kwa siku moja akiwa na gari tupu. Lakini anayepanga safari ya tela kwa hesabu hiyo peke yake amepanga nusu ya safari, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayomkwamisha, kwa sababu pwani ile ni nchi ya maji. Kuna maji ya mvua yanayokata barabara, maji ya mito inayofurika, na maji ya bahari yanayopanda na kushuka mara mbili kila siku. Kilomita hazibadiliki, ila maji hubadilika, na ratiba inapaswa kuyafuata.

Nianze na barabara yenyewe, kwa kuwa wageni wengi hudhani kwamba barabara ya pwani hupita kando ya bahari. Haipiti. Ufuo wa Kusini umekatwakatwa na hori, mikoko na majabali ya matumbawe, na delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, haina mahali pa kupitisha lami. Kwa hiyo dereva hutoka Mbagala, akapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri bila kuonja hata harufu ya chumvi, akavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu kilomita moja, na bahari huisogelea mara ya kwanza anapofika Somanga. Baada ya hapo barabara inarudi bara hadi Nangurukuru, penye njia panda ya kwenda Kilwa, na inaendelea katikati ya vichaka na mikorosho mpaka Mchinga na Lindi. Maana yake kwa mwenye tela ni kwamba, nje ya miji, kila usiku anaotaka kulala karibu na bahari atalazimika kuacha lami na kushika njia ya mchanga au ya udongo mweusi wa mfinyanzi, na njia hizo hazina tabia moja mwaka mzima.

Sisi tuliosafiri kwenda Kusini kabla ya mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja hilo, tunaikumbuka pantoni ya Ndundu, na tunazikumbuka vizuri zaidi zile kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga zilizochelewa sana kupata lami. Mabasi yalilala pale kwenye tope, na abiria walipika uji kando ya magurudumu. Vijana wa leo husikia habari hizo kama hadithi za kale. Hata hivyo, mwezi Mei 2024, mvua kubwa zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilibomoa madaraja na makalavati wilayani Kilwa, na barabara ikakatika kwa siku kadhaa. Aliyekuwa Mtwara na kutaka kurudi Dar es Salaam kwa gari hakuwa na njia nyingine ila kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea na Makambako, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Fikiria mzunguko huo ukiwa na tela nyuma na watoto ndani ya gari, likizo ikiwa imebaki siku mbili.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kwanza wa msafiri ni mwezi wa kuondoka, na hapa watu wa Dar es Salaam hukosea kwa kuwa wamezoea vuli na masika yao. Lindi na Mtwara hazina misimu miwili ya mvua. Zina msimu mmoja mrefu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na wakati mwingine mvua huvuka hadi Mei. Likizo ya Krismasi, ambayo wengi huipenda kwa safari, ndiyo inayoangukia mwanzo wa msimu huo, na njia za kushukia baharini ndipo zinapoanza kuteleza. Mimi huondoka kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Oktoba. Miezi hiyo ina adha yake, nayo ni upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu kiasi cha kung'oa kivuli cha turubai kama hakikufungwa vizuri. Dawa yake ni kuegesha tela mgongo ukiwa umeelekea unakotoka upepo, na mlango na jiko vikae upande wa pili. Wazee waliojenga Kilwa waliishi kwa hesabu hizohizo, kwani utajiri wa mji ule, alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331, ulitegemea majahazi yaliyoshuka na kaskazi na kurudi na kusi, na hapakuwa na nahodha aliyepanga safari bila kujua upepo uko upande gani.

Uamuzi wa pili ni tarehe, nao ndio unaosahaulika kabisa. Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na kwenye ufukwe ulio bapa mita hizo 3 ni mamia ya hatua za mchanga. Wakati wa maji mafu, siku saba hivi baadaye, tofauti hupungua sana. Aidha, saa hazitulii mahali pamoja: siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne, kisha kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mvuvi yeyote anazijua hesabu hizi kama anavyojua jina la mama yake, ilhali dereva wa mjini hazijui, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Miaka michache iliyopita tulifika kando ya ghuba ya Mchinga kama saa tano asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Bahari ilikuwa imekwenda zake mbali, na mchanga ulioachwa ulikuwa mgumu na laini kama sakafu ya saruji, bila unyayo wala jani. Nikaona nimepata kiwanja. Nikashusha tela, nikateremsha miguu yake minne, nikafungua turubai, na mke wangu akabandika maji ya chai. Akapita mzee mmoja aliyebeba nyavu begani. Baada ya kumwamkia na kuulizana habari, alisimama akaitazama kambi yetu, kisha akasema, «Mwanangu, hapo si pa kulala mtu. Hapo ni kitanda cha maji.» Nikamshukuru, na moyoni nikasema wazee wanapenda kutisha wageni. Saa tisa alasiri mchanga ulianza kulegea chini ya miguu ya tela, maana maji yalikuwa yanapanda kwa chini kabla hayajaonekana juu, na nilipojaribu kuliondoa, gari lilichimba mashimo mawili na kutulia. Ilipokaribia saa kumi na moja, povu lilikuwa linagusa magurudumu ya tela. Tuliokolewa na vijana kumi na wawili, kamba ya ngalawa na mbao za kukalia walizozing'oa kwenye mtumbwi na kuziweka chini ya tairi. Yule mzee ndiye aliyekuwa anahesabu, moja, mbili, tatu, na hakunikumbusha hata kwa neno moja kwamba alinionya.

Kumbe alama ilikuwepo muda wote. Juu zaidi ya pale nilipoegesha kulikuwa na mstari wa majani makavu ya baharini, vipande vya mkoko na kifuu cha nazi, na mstari huo ndio mpaka ambao bahari yenyewe huuandika. Tela likae juu ya mstari huo, tena kwa nafasi ya kutosha, na kama ufukwe una mistari miwili, hesabu ule wa juu. Siku hizi hupanga usiku wa fukweni uangukie siku za maji mafu, na siku za bamvua nazitumia kwa mambo mengine, kama vile kuliacha tela katika uwanja wa nyumba ya wageni Kilwa Masoko, kuchukua kibali hapo mjini, na kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Safari ya kuvuka nayo ina saa zake, kwa kuwa maji yakiwa yamepwa abiria hushuka mbali na nchi kavu na kutembea majini, jambo ambalo watoto hulipenda na bibi yao hakulipenda hata kidogo.

Kuhusu tela lenyewe sitasema mengi, kwani kila fundi ana maneno yake, ila yako mambo ambayo pwani ile huyaadhibu haraka. Chumvi hula plagi ya taa za nyuma na beringi kabla ya kula kitu kingine chochote, hivyo kila tunapofika penye kisima cha maji baridi nalimwagia tela upande wa chini, hata kama ndoo ni mbili tu. Kila tunaposimama naweka kiganja juu ya kitovu cha gurudumu. Kikiwa na joto la kawaida tunaendelea, na kama siwezi kukishika kwa kuhesabu hadi tano, basi grisi imekwisha au beringi inakufa, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa Ikwiriri kuliko ukiwa katikati ya pori. Mzigo mzito, hasa madumu ya maji, ukae juu ya ekseli na kidogo mbele yake, kamwe usikae nyuma, kwa sababu tela lililolemewa nyuma huanza kuyumba kwenye mteremko na huliyumbisha gari pamoja nalo. Matuta ya vijijini, ambayo kwenye barabara ile ni mengi kuliko vijiji vyenyewe, yapandwe taratibu mpaka tela limalize kushuka, maana dereva wengi hukanyaga mafuta mara tu gari linapovuka na kusahau kwamba wanao mkia.

Kwenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ushauri wangu ni mmoja: liache tela Mtwara au Mikindani. Kule mbele kuna mchanga mwepesi ambao gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne hupita kwa kupunguzwa upepo wa tairi, lakini tela huwa nanga. Isitoshe, kasa hutaga mayai katika fukwe za eneo lile, na anayeegesha juu ya mchanga hajui kilicho chini ya gurudumu lake. Na popote utakapolala nje ya mji, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mtendaji, ujitambulishe, useme mko wangapi na mtakaa siku ngapi. Hiyo ni adabu ya kawaida, na faida yake ni kwamba huyo unayejitambulisha kwake ndiye atakayekwambia kwamba daraja la miti la njia ya kushoto lilichukuliwa na mvua ya mwaka jana.

Sasa nafika kwenye ombi langu, Ndugu Mhariri. Gazeti lako huchapisha ratiba za mechi, nyakati za swala na bei za mazao, na sisi wasomaji tunashukuru. Naomba utenge kipande kidogo kila wiki, hata kiwe na upana wa vidole viwili, cha nyakati za maji kujaa na kupwa kwa Kilwa, Lindi na Mtwara, na kando yake sentensi moja au mbili kuhusu hali ya barabara kati ya Ikwiriri na Lindi katika miezi ya mvua. Haitakuwa faida ya wenye matela peke yao, ambao bado ni wachache. Wanaonunua samaki, wanaovusha abiria kwenda visiwani, na walimu wanaopeleka wanafunzi kuona magofu wote wanaendesha siku zao kwa maji hayohayo.

Mimi na familia yangu tunakusudia kuondoka tena mwezi Agosti, na tumechagua tarehe kwa kuutazama mwezi. Mpaka kipande hicho kitakapoanza kuchapishwa, nitaendelea kufanya kama nifanyavyo sasa, yaani kumpigia simu yule mzee wa Mchinga jioni moja kabla ya kufunga tela na kumuuliza maji yakoje.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mbagala, Dar es Salaam