Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya: muuguzi awafikie wanafunzi wa kidato cha pili

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: KUWAONGOZA WANAFUNZI WANAOTAKA KUSOMEA UUGUZI

Sisi ni wauguzi na wakunga tulio kazini katika wilaya hii. Shule huwa zinatukumbuka wakati wa mahafali ya kidato cha nne, na hapo wengi wameshafungiwa mlango bila wao kujua.

Stashahada ya uuguzi na ukunga, ya miaka 3, inataka ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Biolojia wengi huendelea nayo. Kemia na Fizikia ndizo wengi huzitupa wanapoingia kidato cha tatu, kwa kuwa ni ngumu, na hakuna anayewaambia kinachoondoka nazo. Binti mwenye A ya Biolojia asiye na Fizikia kwenye cheti hapokelewi. Tunaomba kazi hii ya kuwaongoza ihamie kidato cha pili, Agosti hadi Oktoba, kabla ya upimaji wa Novemba.

Muuguzi mmoja apewe wanafunzi wasiozidi 10 kwa vikao 6, kila kikao vipindi viwili vya dakika 40. Hotuba hazisaidii, washike kazi. Kwenye mapigo ya moyo, kila mmoja amguse mwenzake kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati. Asitumie gumba, maana lina mapigo yake na ataishia kuyahesabu ya kwake. Ahesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, akikosea pigo moja amekosea manne.

Kikao cha hesabu ndicho tunachokitilia mkazo kuliko vyote. Hisabati haimo katika masomo ya lazima ya kujiunga, lakini wodini haikwepeki. Mtoto ameandikiwa parasetamo ya maji miligramu 180. Chupa inasema miligramu 120 katika mililita 5. Apewe mililita 7.5. Dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita: ni matone 42 kwa dakika, yanahesabiwa kwa jicho huku saa iko mkononi. Kwenye ile 7.5 ya parasetamo, wanafunzi hukosea nukta, wakaandika 75. Njia ya kuliepuka kosa hili ni kukisia kabla ya kukokotoa: 180 imezidi 120, lakini haijafika mara mbili yake, basi jibu liko kati ya 5 na 10. Anayezoea hivyo akiwa na miaka 15 hatamzidishia mtoto dozi mara kumi.

Ziara ya hospitali huharibiwa na wingi wa watu. Basi zima likishushwa getini, wagonjwa wanageuzwa maonyesho. Wawe watano kwa muuguzi mmoja, waanzie mapokezi, kwenye kupima presha na uzito, na kliniki ya mama na mtoto. Chumba cha kujifungulia wasiingie, sindano wasiguse, simu zibaki shuleni. Na wale chakula kwanza: wengi wanaozimia ni wenye njaa waliosimama muda mrefu. Anayesikia kizunguzungu akae chini papo hapo, asijikaze. Tunawasihi walimu wasimwambie mtoto aliyezimia kwamba kazi hii haimfai. Si kweli.

Wavulana waitwe waziwazi. Wodini muuguzi amezoeleka kuitwa "sista", nao wanadhani hawahusiki. Walau kikao kimoja kiendeshwe na muuguzi wa kiume.

Lipo pia suala la karatasi. Jina la cheti cha kuzaliwa na lile linalosajiliwa NECTA (Baraza la Mitihani) yalingane herufi kwa herufi. Asha hapa na Aisha pale ni usumbufu mkubwa baada ya cheti kutoka. Na chuo kitafutwe kwanza kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, pamoja na kozi yenyewe, kabla mzazi hajalipa hata shilingi.

Kwako tunahitaji barua kwa wakuu wa shule ya kutenga vipindi hivyo, na nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ili tupangiwe zamu. Ifike kabla Julai haijaisha. Zamu za Agosti zikishabandikwa, kumtoa muuguzi mmoja ni kumwachia mwenzake wodi nzima.

Wauguzi na wakunga wa wilaya