Waswisi hawakuanza na ukuta

Mhariri,

Msomaji aliyeandika juzi akitaka kaunti ijenge ukuta wa saruji wa kuzuia maji na udongo chini ya Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu wa Nakuru, "kama Waswisi" ameanzia hadithi mwishoni.

Chukua kijiji cha Andermatt, jimbo la Uri. Kiko mita 1,444 juu ya usawa wa bahari (Nakuru tunakipita, tuko karibu 1,850, ila hatuna theluji). Hapo ndipo njia za milimani za Gotthard, Furka na Oberalp zinapokutana. Karne nyingi wenyeji walikula jasho la kuvusha wasafiri na mizigo, mpaka mwaka 1882 reli ilipowapita chini kwa chini, katika handaki la kilomita 15.

Mlima umeinamia nyumba zao, na theluji ikiporomoka haibishi hodi. Kinachowakinga ni msitu wa pembetatu hapo juu. Mwaka 1397 watu wa bonde hilo, Urseren, walijiandikia hati: humo mtu asikate mti, asichukue hata tawi. Vizuizi vya chuma vya kushikilia theluji vilivyotapakaa Uswisi vilikuja baadaye sana, hasa baada ya maporomoko ya 1951, ambayo yaliua watu hata Andermatt.

Mimi ni seremala mtaa wa London, hapa Nakuru, kwa hiyo sina ugomvi na msumeno. Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ilitubana sisi wa mbao kuliko mtu yeyote. Na Waswisi wenyewe siku hizi huchagua miti mizee na kuikata, mingine ipate mwanga, kwa sababu msitu uliozeeka wote kwa pamoja hukosa warithi. Lakini udongo wa Menengai ni majivu ya volkano. Ukiuacha uchi, mvua ya Aprili inauleta wote barabarani, mpaka mlangoni pa karakana yangu. Ukuta utajaa mchanga msimu mmoja, kisha maji yatauruka.

Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu jumuiya za wenyeji kusimamia misitu. Basi tuwekewe alama ukanda wa juu ya nyumba, na majina ya walioruhusiwa kukata yabandikwe kwa chifu, kila mtu ayasome. Ukuta ukija baada ya hapo, mbao za kumwagia saruji ninazo, na bei tutaelewana.

Seremala,
London, Nakuru