Mwanangu, usimzime navigeta

Asalaam aleikum mwanangu. Huku Lamu sote wazima, mamako anakusalimu na anauliza kama ile halua ilifika kwa shangazi yako au uliimaliza kwa basi.

Sa meseji yako ya kuomba nikununulie usukani wa gemu ya rali nimeiona. Nimecheka, maana mtoto kazaliwa mji ambao punda wawili wakikutana njiani mmoja arudi nyuma, leo ataka usukani wa gari la rali. Sikukatazi. Lakini kuna kitu nilikiona siku ile nilokuja Malindi kutafuta plagi za injini ukanipeleka pale mnapochezea, nikanyamaza kwa sababu wenzako walikuwepo.

Ulikuwa waendesha ile Rali ya Safari ya Naivasha ndani ya gemu, ulimi nje kama ulivokuwa ukiandika darasa la kwanza, mara ukaingia kwa setingi ukamzima sauti yule navigeta, yule akaaye kando ya dereva akimsomea kona. Nikauliza mbona, ukasema huyu ni kelele tu baba, njia naiona. Haya. Kona ya tatu ukapinduka. Ukarudia, ukapinduka palepale, ukalaumu rimoti.

Baba, yule hakusomei kona uliyopo, akusomea inayokuja. Ndo maana ya zile namba, kushoto tatu, kulia sita, moja ni kona imejikunja kabisa na sita wapita karibu bila breki, na ukingoja uione kwa macho ushachelewa, gari liko upande upande. Tena Kenya ndo usiseme, kule kuna lile vumbi laini kama unga wa ngano limefunika mashimo na mawe, macho yatakuonyesha njia tambarare kumbe chini kuna kitu cha kung'oa gurudumu.

Mimi gari sijui ila najua kupita ule mlango wa bahari wa Mkanda maji yakitoka. Nilipokuwa baharia kwa babu yako, nahodha yuko tezi, nyuma ya chombo, kashika usukani, tanga limemziba haoni mbele, na mimi mtoto wa miaka kumi na tatu niko omo, mbele kabisa, na upondo nachovya majini kupima kina napiga kelele, pima! pima kasoro! mchanga huu! Na mzee na ndevu zake zote akigeuza kwa neno langu bila kuuliza. Siku moja nilisinzia, tukakaa juu ya fungu la mchanga mpaka maji yakarudi, saa sita nzima, na yale maneno nilopewa siwezi kukuandikia hapa.

Halafu hiyo gemu yenyewe wajua ilitutangulia? Hiyo WRC 9 unayocheza ilitoka 2020 na Kenya imo ndani, kumbe mwaka huo rali yetu ilifutwa kwa ajili ya korona, ikaja 2021, baada ya miaka 19 tangu ile ya 2002 aliyoshinda Colin McRae. Yaani watoto wa Ulaya walishapinduka Naivasha wakiwa sebuleni kwao kabla magari yenyewe hayajafika. Na hiyo ya 2021 dereva Neuville alikuwa mbele mpaka siku ya mwisho, shokapu ikamvunjikia, mwenzake Ogier akachukua ushindi. Wewe nilikuona wagonga mawe kama yamekukosea.

Sa tufanye hivi. Washa navigeta, maliza steji moja ya Kenya nzima bila kupinduka, umwombe shangazi arekodi kwa simu yake sauti isikike, mnitumie wasap. Nikiona natoa nusu ya huo usukani, nusu nyengine utaweka mwenyewe polepole, na usiguse pesa za madaftari.

Kamba wa shangazi nawatuma na basi la kesho asubuhi, wako kwa lile boksi jekundu la barafu, kawapokee mapema barafu haikai. Na zile plagi ulizonichagulia, moja haiwaki.

Babako